Jibu kwa aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa binamu yake

Ndugu, pole sana wewe na nyumba yenu nzima. Umetueleza kwamba binamu yako alikuwa na miaka 26, akafariki kwenye ajali ya boda hapa Nairobi, na kamati ya mazishi imekupa wewe wasifu utakaosomwa nyumbani Jumamosi. Swali lako lilikuwa: hakuoa, hakuwa na kazi kubwa, na bado kijiji kizima kinamlilia, sasa naandika nini?

Andika matendo yake, na kila tendo lipe mahali pake na mtu aliyetendewa. Wasifu wa mzee hujaa wenyewe: ndoa, watoto, mashamba, vyeo vya kanisani. Wa kijana ukifuata mpangilio huo huo huisha kwenye aya ya pili, ndipo mwandishi huanza kuziba pengo kwa "mcheshi, mwenye bidii, mtu wa watu". Maneno hayo husomwa kwenye kila mazishi. Mama mzazi akiyasikia hamwoni mwanawe ndani yake, na hilo ndilo linaloniuma kila nikisikia wasifu wa kijana ukisomwa.

Anza kupiga simu leo jioni. Watu wanane wanatosha ukiwachagua vizuri: mama yake, nyanya, ndugu anayemfuata, rafiki waliyesoma naye, mwenyekiti wa steji yake ya boda kama alikuwa akiendesha, mweka hazina wa chama chake cha kuweka akiba, kapteni wa timu au kiongozi wa kwaya, na mwenye duka la pale kijijini. Mwenye duka watu humsahau, lakini yeye ndiye anayejua nani alikuwa akimlipia nani deni la unga. Usiwaulize "alikuwa mtu wa aina gani", kwa sababu utapewa yale yale ya "mcheshi". Uliza: Mara ya mwisho kumwona alikuwa akifanya nini? Ni kazi gani mlikuwa mkimngoja yeye tu aje aifanye? Akitoka Nairobi alikuwa akileta nini, na anaanzia boma la nani? Nani alikuwa akimtuma, na sasa atamtuma nani? Mtu akijibu hapo, nyamaza kidogo. Jambo zuri mara nyingi hutoka baada ya kimya.

Tofauti utaiona ukiandika. "Aliwapenda wazee" haina kitu. "Kila alipofika nyumbani alipita kwanza kwa nyanya kuchanja kuni za wiki nzima" kila mtu pale anaiona, na nyanya mwenyewe ataitikia kwa kichwa. Matendo matatu ya namna hiyo yanatosha. Kumi yatachosha, na watu wataanza kuhesabu ni nani ametajwa na ni nani ameachwa.

Miaka ndiyo huharibika zaidi, na kosa la mwaka hupigiwa kelele hapo hapo kaburini. Usiandike kwa kumbukumbu za watu. Pata picha ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, kisha uhesabu mwenyewe. Mtoto wa 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, aliyeingia darasa la kwanza 2006 bila kurudia darasa alifanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, 2013, akaingia kidato cha kwanza 2014 na kufanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, 2017. Hesabu ikikataa, ama alirudia darasa au alikaa nyumbani mwaka mmoja kwa kukosa karo. Mwaka huo uulizie, kwa kuwa mara nyingi ndipo alipoanza kibarua na kuwasaidia wadogo zake. Majina yafuate kitambulisho, halafu jina la utani ambalo kijiji kilimwita uliweke mara moja, mapema. Bila hilo jina, nusu ya waombolezaji hawatajua ni nani anayezikwa.

Aya ya kifo iwe fupi kuliko zote: tarehe, mahali, na "kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani". Usimtaje dereva, usiandike nani alikuwa na makosa wala gari lilikuwa la nani. Kesi na madai ya bima bado yako mbele, na karatasi iliyogawiwa mamia ya watu hairudi. Tarehe ilingane na ile ya hati za hospitali na polisi. Kama aligongwa usiku na kuthibitishwa kufariki baada ya saa sita, familia husema siku moja na hati husema nyingine; fuata hati. Kifo cha ajali huhitaji polisi na upasuaji wa maiti kabla ya kibali cha mazishi kutoka, na hapo siku ya kuzika inaweza kusogea. Kwa hiyo ratiba ya ibada ichapishwe kwenye karatasi yake pekee, ili siku ikibadilika msitupe vitabu vyote vya mazishi vilivyochapwa wasifu.

Orodha ya aliowaacha usiiandike peke yako. Kaa na wazee na mama yake kabla ya kupeleka chochote kwa mchapishaji. Kama kuna mtoto ambaye kijana hakuwahi kumleta nyumbani rasmi, swali hilo liishe mezani, maana likibaki litafumuka mbele ya jeneza. Vitabu vya mazishi vimewahi kuletwa mahakamani kwenye kesi za urithi kuonyesha nani alitambuliwa na familia. Kwa maoni yangu, mtoto aliye wake asiachwe nje ili kuficha aibu ya watu wazima.

Urefu uwe maneno 600. Msomaji mwenye huzuni husoma kama maneno 100 kwa dakika, hivyo hizo ni dakika sita. Ikiwa mfawidhi atakuwa akitafsiri kwa lugha ya nyumbani, ni kumi na mbili, kwa hiyo shuka hadi 400. Nyanya yake asipoelewa wasifu, umewaandikia wageni wa Nairobi.

Kuchapisha hakuna mengi. A4 ikikunjwa mara moja inatoa kurasa nne, kwa hiyo kitabu huwa na kurasa 4, 8 au 12. Ukipeleka mambo ya kurasa 9, tatu zitabaki tupu. Nane hutosha: jalada, wasifu mbili, familia moja, picha mbili, nyimbo moja, shukrani nyuma. Jalada liwe la rangi na ndani nyeusi na nyeupe ikiwa pesa ni kidogo. Picha ndiyo huwaangusha wengi. Iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshakamuliwa na itatoka na ukungu. Mwambie aliyeipiga aitume kama faili. Ya upana wa sentimita 10 inataka pikseli kama 1200. Kabla mashine haijawashwa, omba nakala moja ya karatasi, mpe mtu ambaye hakuandika aisome kwa sauti, akiweka kidole kwenye kila jina na kila mwaka.

Chagua wasomaji wawili. Wa kwanza ni ndugu au binamu, wa pili asimame kando yake na nakala yake mwenyewe, aendelee pale sauti itakapokatika. Itakatika, na kwa kawaida ni kwenye jina la mama au kwenye lile tendo la mwisho. Nakala zao ziwe na herufi za ukubwa wa 16, mistari imeachana, kwenye karatasi. Simu juani haisomeki.

Weka pembeni vitabu vitano kabla ya kugawa, kwa sababu vitaisha. Kimoja kiingie kwenye bahasha moja na nakala ya kibali cha mazishi, kitambulisho chake na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Cheti cha kifo kitahitaji hicho kibali, na wakili wa madai ataomba bahasha nzima.

Ukimaliza rasimu ilete hapa, ukiwa umetoa majina, tuisome pamoja kabla ya Alhamisi.