Alfaro hakufia vitani

Hapana mkuu, umesema Eloy Alfaro, aliyewahi kuwa rais wa Ekwado, alifia vitani, lakini hakufia vitani na wala hakunyongwa kwa hukumu ya mahakama, aliuliwa na umati uliovamia gereza la mji mkuu, Quito, tarehe 28 Januari 1912, yeye na wenzake akiwemo ndugu yake Medardo, kisha maiti zikaburutwa mitaani mpaka uwanja wa El Ejido zikachomwa moto. Kilichonifanya nisisahau ni treni, maana nilikutana na habari zake nikifuatilia historia ya reli: walimtoa Guayaquil akiwa mfungwa wakampandisha Quito kwa reli ileile aliyoikamilisha mwenyewe 1908 akiwa rais, yaani akafika saa chache tu kabla ya kuuawa.

Vita nadhani unachanganya na ile ya 1895 iliyomwingiza madarakani, ile alishinda. Ila nani aliuchochea ule umati hapo wanabishana mpaka leo, wengi wanamtupia lawama Leonidas Plaza, naye liberali vilevile, ambaye Alfaro mwenyewe alimwachia urais 1901, wengine wanasema ni wahafidhina waliokuwa bado na hasira kwa jinsi Alfaro alivyotenganisha kanisa na serikali.