Maswali yenu kuhusu Kabori, mwigizaji wa Bangladesh aliyeingia bungeni

Katika safu iliyopita nilimtaja kwa mistari miwili tu Sarah Begum Kabori, mwigizaji wa filamu za Kibengali ambaye baadaye alikuwa mbunge nchini Bangladesh. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba mistari miwili haikumtosha, kwa hiyo leo nafasi yote ni yake.

Je, Kabori ni jina lake la kuzaliwa? (Msomaji wa Tanga)

Hapana. Alizaliwa mwaka 1950 katika wilaya ya Chittagong, penye bandari kubwa ya nchi hiyo, katika familia ya Kihindu, na wazazi wake walimwita Mina Pal. Wakati huo nchi ilikuwa bado sehemu ya mashariki ya Pakistani. Alianza kucheza ngoma jukwaani akiwa msichana mdogo, na mwaka 1964, mwongozaji Subhash Dutta alipokuwa akitafuta mwigizaji wa kike wa filamu yake ya kwanza, Sutorang, mtunzi wa muziki Satya Saha alimtajia binti huyo wa Chittagong. Jina la Kabori, ambalo kwa Kibengali ni fundo la nywele zilizokusanywa kisogoni, alilipata alipoingia katika filamu. Sarah Begum lilikuja baadaye katika maisha yake.

Kwa nini mashabiki walimwita "Msichana Mtamu"? (Msomaji wa Mombasa)

Kwa sababu ya tabasamu lake, na kwa sababu ya filamu za mapenzi alizoigiza pamoja na mwigizaji Razzak mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwao Nil Akasher Niche ya mwaka 1969. Watu wa Dhaka waliwapenda wawili hao kama jirani anavyowapenda maharusi wa mtaani. Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba jina hilo linamweleza kikamilifu, kwa maana kazi zake nzito zaidi ni zile ambazo ndani yake tabasamu hilo linanyang'anywa.

Ulidokeza kwamba filamu yake moja ina neno tunalolijua sisi watu wa pwani. Ni neno gani? (Msomaji wa Lamu)

Nimelifurahia swali hili kuliko mengine yote. Filamu hiyo ni Sareng Bou ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Abdullah Al Mamun, na "sareng" wa Wabengali ndiye serahangi wa kamusi zetu, yaani mkuu wa mabaharia melini. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na lilienea pamoja na kazi yenyewe. Vijana wa Chittagong, Noakhali na Sylhet waliajiriwa kwa maelfu katika meli za Waingereza, na meli za kampuni za Uingereza zenye mabaharia kutoka Bara Hindi zilitia nanga Mombasa na Zanzibar kwa miaka mingi. Kwa hiyo jina la filamu ni "Mke wa Serahangi", na msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya mke anayebaki nchi kavu akihesabu miezi.

Kabori anamwigiza Nobitun, ambaye mumewe Kadam yuko baharini. Barua na fedha anazotumiwa hazimfikii, kwa kuwa tajiri wa kijiji anayemtamani amekula njama na mtu wa posta, akitumaini kwamba njaa itamvunja. Haimvunji. Mume anaporudi, uvumi wa kijiji umekwisha kuitia sumu nyumba yao, na kabla mambo hayajatengenezeka kimbunga kinaisomba pwani nzima. Watazamaji wa mwaka 1978 hawakuhitaji kufikirishwa kimbunga ni nini, kwani kile cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu katika pwani hiyo hiyo. Baada ya gharika, Kadam yuko taabani kwa kiu na maji yote yaliyowazunguka ni ya chumvi. Nobitun anamnyonyesha maziwa yake mwenyewe ili asife. Mwigizaji mwenye staha ndogo kuliko yake angeifanya sehemu hiyo iwe ya kutia haya. Yeye aliifanya ionekane kama jambo pekee ambalo mtu angeweza kulitenda, na kwa uigizaji huo alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Riwaya iliyozaa filamu hiyo iliandikwa na Shahidullah Kaiser, mwandishi wa habari aliyetekwa nyumbani kwake tarehe 14 Desemba 1971, siku mbili tu kabla ya kumalizika kwa vita vya kuikomboa Bangladesh kutoka Pakistani, na hakuonekana tena.

Yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati wa vita hivyo? (Msomaji wa Kigoma)

Alikimbia kupitia Agartala hadi Kolkata, kama walivyokimbilia India mamilioni ya watu wa kwao, na huko alisimama hadharani kuwaomba watu waiunge mkono nchi iliyokuwa ikizaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 21 hivi. Ninawaomba wasomaji wanaoamini kwamba aliingia siasa uzeeni ili kuutumia umaarufu wake waanzie hapa, kwa sababu msichana aliyepanda jukwaani mwaka 1971 hakuwa akitafuta kura ya mtu yeyote.

Je, aliingia bungeni kwa viti maalumu? (Msomaji wa Dodoma)

La. Bunge la Bangladesh lina viti 300 vya majimbo pamoja na viti vilivyotengwa kwa ajili ya wanawake, ambavyo leo ni 50 na hugawiwa vyama kulingana na wingi wa wabunge wao. Kabori aligombea jimbo la Narayanganj-4 kwa tiketi ya Awami League katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 2008, akashinda kwa kura za wananchi, na akakitumikia kiti hicho hadi mwanzoni mwa 2014. Narayanganj ni mji wa viwanda na biashara ya juti kando ya mto Shitalakshya, ambao siasa zake ni ngumu. Shamim Osman, wa chama hicho hicho, alikuwa amelishika jimbo hilo kabla ya mwaka 2001, na ndiye aliyelirudia baada ya Kabori.

Aliwahi kuongoza filamu? (Msomaji wa Muscat)

Ndiyo. Mwaka 2006 alitoa Ayna, maana yake "Kioo", inayohusu wanawake wanaomwagiwa tindikali usoni, mara nyingi na wanaume waliokataliwa nao. Bangladesh ilikuwa imetunga sheria mbili dhidi ya uovu huo mwaka 2002, lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu aitazame sura iliyoungua. Filamu inaweza, na naamini hiyo ndiyo sababu mwanamke ambaye riziki yake ilitokana na uso wake aliichagua mada hiyo.

Bado yu hai? (Msomaji wa Bujumbura)

Kwa masikitiko, hapana. Aliugua UVIKO-19 mapema Aprili 2021, akafariki dunia hospitalini Dhaka tarehe 17 mwezi huo akiwa na umri wa miaka 70, na akazikwa katika makaburi ya Banani kwa heshima wanazopewa wapigania uhuru. Farooque, aliyemwigiza Kadam katika Sareng Bou, naye alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2018, na alifariki mwaka 2023. Kabori aliacha kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2017, pamoja na filamu nyingine aliyokuwa akiiongoza, Ei Tumi Shei Tumi, ambayo alifariki kabla hajaikamilisha.