Kabla ya kitabu, soma karatasi zako

Wiki mbili zilizopita niliwauliza mnasoma nini siku hizi kuhusu pesa na maisha baada ya kazi. Wengi mmenirudishia swali: tusome nini? Wengine mmeuliza ya pesa zenyewe. Haya, nachukua maswali matano.

*Nimebakiza miaka minne nistaafu. Nitajie kitabu cha kujiandaa.* Mwalimu, Sengerema

Mwalimu, kitabu chako cha kwanza ni taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Juzi nilikaa na ndugu yangu jioni nzima tukiisoma ya kwake mstari kwa mstari, na mwaka huu sijasoma kitu kilichonifundisha kuliko hicho. Miezi saba haikuonekana, yote ya kipindi alichohamishwa kituo. Pensheni inakokotolewa kwa miezi uliyochangia, kwa hiyo mwezi usioonekana ni pesa usiyoipata. Leo una miaka minne ya kutafuta hati zako za mshahara za zamani. Ukingoja, utazitafuta ukiwa huna mshahara wa kukupa nauli. Linganisha na majina pia: cheti cha shule, kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira. Herufi moja ikipishana, anza kushughulikia sasa.

Tena usipange nyumba kwa hesabu za waliokutangulia. Waliokuwa wakilipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo, yaani kwa mara moja wanapostaafu, walishushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, kisha kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 wakapandishwa hadi 40. Kinachobaki kinakuja kila mwezi, na mimi nasema hicho cha kila mwezi ndicho kitakachokulisha. Mikupuo mingi nimeiona ikiishia kwenye basi dogo bovu, lililonunuliwa kwa mtu wa kwanza aliyebisha hodi.

*Kuna kundi la simu, unaweka laki moja, wiki ikiisha unapewa laki na thelathini. Unalionaje?* Igoma

Hapana. Ni mara ya nne mwezi huu naulizwa hili. Tuliokuwa watu wazima mwaka 2009 tunaikumbuka DECI, upatu wa namna hiyo hiyo, ilivyofungwa na Serikali huku watu wakiwa wamepanda "mbegu" zao na hawajavuna. Usimwingize na mama yako.

*Nina miaka 41, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Kipato changu hakina mpangilio. Nitawekaje akiba kama mwenye mshahara?*

Mdogo wangu, mpangilio unao, ila unafuata mwezi wa angani badala ya kalenda ya ukutani. Wavuvi wanaingia ziwani kwenye giza na taa zao. Mbalamwezi ikijaa, taa haziwavuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni. Basi funga hesabu kila giza linapokwisha. Nunua kauntabuku, uigawe mara tatu: mtaji, chakula cha siku za mbalamwezi, na pesa ya uzeeni. Ukichota mtaji kununua unga, andika kwamba umejikopesha, na giza lijalo ulipe kabla ya kitenge.

Kikoba chako ni kizuri, usikiache. Lakini kinavunjwa Desemba, na Januari ada za watoto zimekimaliza. Hiyo si akiba ya uzeeni. NSSF, mfuko mwingine wa pensheni, inapokea waliojiajiri, na pensheni yake inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza mwezi huu bila kuruka, utaitimiza ukiwa na miaka 56. Kila mwaka unaosema "mwakani", unausogeza umri huo mbele.

*Nimepata mkopo wa pikipiki, riba asilimia 18 tu kwa mwaka. Nisaini?* Buzuruga

Asilimia 18 ya nini? Kwa milioni moja ya mwaka mmoja, riba ikipigwa juu ya mkopo wote ni shilingi 180,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, ukilipa kila mwezi, ni kama 100,000. Mkataba unasema ipi? Uliza na ada, bima, na kadi ya pikipiki inakaa kwa jina la nani. Vijana mnakuja kwangu mkishasaini, mkataba umekunjwa mfukoni haujafunguliwa hata mara moja, na hapo sina la kuwasaidia.

Hujauliza, lakini usiende kuziba pengo kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurudisha kila siku. Unapewa 200,000, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 30. Umelipa 300,000, na kwa kuwa ulianza kurudisha kesho yake tu, kwa wastani umekaa na karibu nusu tu ya pesa uliyopewa.

*Mume wangu amefariki, karatasi zake zimetawanyika. Nianzie wapi?* Nansio, Ukerewe

Pole sana, mama. Anza na cheti cha kifo, kisha muhtasari wa kikao cha ukoo, halafu mahakama ikuthibitishe wewe au mtu mnayemwamini kuwa msimamizi wa mirathi. Benki na mfuko wa pensheni watadai hizo. Usitoe pesa kwa namba yake ya siri, hata ndugu wakikuhimiza. Kesho hao hao ndio watakaokushitaki. Kusanya kila karatasi bila kuchagua: hati ya kiwanja, mikataba, daftari la aliowadai na waliomdai.

Za kwangu naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tangu mchwa waliponilia faili zima. Karatasi ya juu kabisa ni orodha ya zilizomo, na binti yangu anajua ndoo ilipo.