Kabla hujaandika "postpone" kwenye barua ya kikazi

Kiswahili kimetudekeza. Neno moja tu, kuahirisha, linabeba kikao, kesi, mechi, masomo, hata vyombo unavyokwepa kuviosha. Kiingereza kimegawa mzigo huo kwa maneno kadhaa, na katika barua na mihtasari ninayotafsiri, hapa ndipo maana hupotea kimyakimya, kwa sababu sarufi inabaki safi kabisa.

Chukua Bunge. Waziri Mkuu anapotoa hoja ya kuahirisha Bunge kule Dodoma, wabunge wameshakaa, wameuliza maswali, wamepitisha miswada. Hiyo ni adjourn: shughuli ilianza, inasimama, itaendelea siku nyingine. Ukiandika postpone, msomaji wa nje ataelewa kwamba Bunge halikuketi kabisa. Kesi iliyosikilizwa leo ikapangiwa tarehe nyingine nayo ni adjourned.

Postpone ni ya jambo ambalo halijaanza, na kuna mtu ameamua. Mashindano ya soka ya CHAN yalipangwa kuanza Februari 2025 hapa Tanzania, Kenya na Uganda. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakayapeleka Agosti. Postponed, bila ubishi. Lakini mechi ikichelewa nusu saa kwa sababu ya mvua, hiyo ni delayed. Delay haihitaji uamuzi wa mtu, foleni inatosha. Kwa hiyo ukimwandikia mteja "we have postponed your delivery", unamwambia mlikaa mkaamua mzigo wake usubiri. Kama meli imekwama bandarini, andika delayed. Ndiyo kweli yenyewe, na lawama inapungua.

Wanafunzi wetu husema "nimepostpone mwaka", na vyuo vyenyewe hapa nchini huandika hivyo. Ukikiomba chuo cha Uingereza kikushikie nafasi hadi mwakani, neno lao ni defer. Utalikuta pia kwenye mikopo, na hapo soma taratibu: malipo yaliyo deferred hayajasamehewa, na mara nyingi riba inaendelea kuhesabiwa.

Procrastinate ni tabia ya mtu kukwepa kazi akisema ataifanya baadaye, haihusu ratiba. Huwezi ku-procrastinate kikao. Tena ni tuhuma, kwa hiyo usimbandike mwenzako ambaye kumbe anasubiri saini ya bosi.

Late nayo ina mtego wake. Mkurugenzi akichelewa, "the director is late" ni sawa. Ukisema "the late director", umeshamzika.

Ila kinacholeta vurugu kuliko yote ni maneno yetu wenyewe. Tunasema kikao kimesogezwa mbele, tukimaanisha kitafanyika baadaye. Mtu anaandika "brought forward", na kwa Mwingereza hiyo ni kinyume chake: kikao kimewahishwa. Kilikuwa Ijumaa, yeye anafika Jumatano, ofisi haina mtu. "Moved forward" haisaidii, kwani wenye lugha wenyewe hawaielewi kwa namna moja. "Pushed back" ndiyo wanayotumia kwa kuchelewesha, ingawa kwetu kurudisha nyuma kunasikika kama kuwahisha. Ukifanya kazi na Wahindi, iwe Dar au Muscat, utakutana na prepone, yaani kuwahisha. Wao kwa wao wanaelewana vizuri, ila mteja wa London huenda hajawahi kuisikia. Mimi huandika tarehe zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na jina la siku.