Mzazi mwenzangu, hesabu mipira ya mwanao

Jumapili moja usiku, tukiwa mezani hapa Ohio, mwanangu alimega ugali kwa mkono wa kushoto. Nikamkemea palepale, maana kwetu hali mtu kwa kushoto. Akaurudisha mkono, akainamia sahani, akasema taratibu: "Mama, wa kulia haukunjiki."

Alikuwa na miaka 13, na ndiye mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, wa timu mbili za besiboli. Jumamosi alirushia timu moja mipira 71. Jumapili mchana akairushia ya pili 40 na kitu. Kila kocha alihesabu ya kwake, na kwa hesabu yake hakukosea. Lakini mkono ni uleule mmoja, na wa kujumlisha nilikuwa mimi mzazi. Sikujumlisha. Daktari alituonyesha kwenye picha ile sehemu ya mfupa wa kiwiko ambayo kwa mtoto anayekua bado ni laini, jinsi ilivyokuwa imeanza kuvutwa. Akakaa miezi mitatu bila kugusa mpira.

Tangu Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles, iwasajili warushaji wawili kutoka Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, mwaka 2022, ndugu na marafiki wananiuliza mtoto afanye nini ili afike huko. Wengi huanza na kasi: anarusha maili ngapi kwa saa? Mimi nawauliza, wiki hii amerusha mipira mingapi?

Upo mwongozo uitwao Pitch Smart, uliotolewa mwaka 2014 na MLB, ligi kuu ya besiboli, pamoja na chama cha besiboli cha Marekani. Wa miaka 13 na 14 asizidishe mipira 95 kwa siku. Akifika 66, apumzike siku nne kabla ya kurusha tena. Kati ya 51 na 65, siku tatu. Kila mwaka apate angalau miezi minne ya kutorusha kabisa. Akishatoka kurusha, asiende kudaka katika mechi hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye anarudisha mpira kila mara na mkono haupumziki. Na asichezee timu mbili kwa wakati mmoja. Hili la mwisho ndilo lililotuumiza sisi.

Nina daftari la shule la kurasa 96. Kila mpira ni kijiti, vitano nafunga fungu. Mazoezi naandika pembeni, maana mkono haujui kama hii ni mechi au ni mazoezi.

Kuna wazazi wanaoniambia, "Akiumia si kuna upasuaji wa Tommy John?" Hapa huwa nakasirika kweli. Tommy John, mrushaji ambaye upasuaji huo umepewa jina lake, alikuwa mtu mzima wa miaka 31 kano ya kiwiko chake cha kushoto ilipokatika mwaka 1974. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa ya kiwiko. Msimu mzima wa 1975 hakucheza. Ni kweli alirudi 1976 akaendelea hadi 1989, na kati ya mechi 288 alizoshinda akiwa mrushaji, 164 alizishinda baada ya upasuaji. Lakini wapo waliopasuliwa wasirudi walivyokuwa, na upasuaji haumpi mtu mkono mpya wenye nguvu kuliko wa kwanza. Usimpeleke mtoto kwenye kisu ambacho daftari la shilingi chache lingemwepusha nacho.

Jambo jingine: mzoeze kusema. Mwanangu alificha maumivu wiki mbili akiogopa kuwekwa benchi. Siku hizi simuulizi kama anaumwa, kwa sababu atasema hapana. Namwambia akunje mkono aguse bega, halafu anyooshe, nami namtazama uso.

Sasa ana miaka 15, timu ni moja. Jumamosi iliyopita aliingia garini, akavuta daftari kabla hata ya kufunga mkanda. "Mama, leo 62," akasema, akahesabu kwa vidole. "Hadi Jumatano."