Mnapanda Msitu Kwenye Shamba la Zamani? Nyasi Ziacheni

Ukiingia kwenye kikundi kinachopanda msitu wa jamii mahali palipokuwa shamba, kuna swali utakaloulizwa mpaka uchoke: wanyama watakuja lini? Mimi siku hizi najibu kwamba wameshafika, ila mnawafyeka.

Shamba likiacha kulimwa, nyasi hutangulia. Humo huingia panya, panzi na buibui, na bundi huwafuata panya. Kikundini kwetu wengi walitaka pawe pasafi, tukabishana weee. Tulikubaliana palizi iishie kwenye duara la mita moja hivi kwa kila mche, kwingine paachwe. Ila ndani ya duara msifanye mzaha: shamba la zamani lina mabaki ya mbolea, hasa fosforasi, na nyasi huyafaidi kabla ya mche. Wekeni matandazo, yasiguse shina. Yakirundikwa hadi shinani, panya hujificha humo wakaguguna gome, na likiguguniwa mzunguko mzima mche hauna maisha. Piga magoti ukague: alama ni mifereji miembamba ya meno, jirani kabisa na ardhi.

Kabla ya kupanda, chimbeni shimo la majaribio. Plau ikipita miaka mingi huacha tabaka gumu chini yake. Mizizi ikilifikia hupinda, na maji hutuama. Likiwepo, livunjeni kwanza.

Msijaze eneo lote miti. Vipepeo wanataka jua, kwa hiyo acheni uwazi, na pembeni pandeni vichaka vya matunda. Ndege wakila huko watawaletea mbegu bure. Miche msiyoipanda itachipua chini ya matawi wanapotua.

Kama shamba lina ua wa zamani wa miti au mti mkongwe, huo ni dhahabu. Mimea midogo ya msituni husafiri polepole mno, mingine mbegu zake hubebwa na sisimizi, kwa hiyo itaanzia hapo.

Kuna ugomvi mwingine unakuja. Miti ikibanana itabidi mingine ikatwe ili mwanga ufike chini, na aliyepanda kwa mkono wake hatakuelewa. Mwambieni siku ile ile ya kupanda, si baadaye. Na magogo yakishaanguka, mengine yaoze palepale, maana mbawakawa hutaga humo na kigogota huja kuwatafuta. Wanaotaka kuni wachukue matawi.