Siku za ugonjwa zilizobaki: zilipwe au zisilipwe?

SWALI: Nina miaka 9 kazini. Mkataba wangu unanipa siku 12 za likizo ya ugonjwa kila mwaka, na sijawahi kutumia zaidi ya 3. Mwaka ukiisha zilizobaki zinafutwa, wakati mwenzangu huzimaliza zote. Mtu akiacha kazi hulipwa likizo ya mwaka aliyobakiza. Kwa nini hizi zisilipwe?

JIBU: Kinyongo chako kina msingi, lakini likizo hizi mbili zimeungana kwa jina tu. Likizo ya mwaka ni ujira: kila mwezi unaofanya kazi inaongezeka, na ikibaki mwajiri anadaiwa. Ndiyo maana Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka anayeacha kazi apewe likizo inayolingana na muda aliotumikia, au fidia ya fedha. Likizo ya ugonjwa ni kinga. Ni kama bima ya moto: nyumba isipoungua, hurudishiwi ulicholipa, lakini mwaka mzima ulilala ukijua umekingwa.

Siku hizo zikigeuzwa fedha, kinga yenyewe inaanza kutoboka. Mtu anaamka na homa ya nyuzi 38.5, mwili unatetemeka, na kabla hajafika mlangoni ameshapiga hesabu: nikilala leo, nimepoteza ujira wa siku. Anakwenda. Kama ni mafua makali ya influenza, siku 3 za mwanzo ndizo anazoambukiza zaidi, na kama kazi yake ni jikoni au wodini, madhara hayaishii kwa wafanyakazi wenzake. Wanaoumia zaidi na mpango huo ni wenye kipato kidogo, kwa sababu ndio wasioweza kuiacha fedha hiyo. Mwenye selimundu au kisukari hataambulia kitu hata awe mchapakazi kiasi gani. Hapo aliyejaliwa afya ndiye anayetuzwa, na sisi hatuoni haki ndani yake.

Kuhusu mwenzako, kuzimaliza siku zote si ushahidi kwamba anadanganya. Hujui anaumwa nini, na halazimiki kukwambia.

Dai lenye nguvu zaidi kwako ni kulimbikiza. Siku 9 kwa miaka 9 ni siku 81, yaani zaidi ya wiki 16 za kazi ya siku tano kwa wiki. Mfupa wa paja ukivunjika huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga. Siku 12 zingeisha mapema mno, mfupa ukiwa bado haujaunga. Pitieni suala hili kwenye chama cha wafanyakazi, muombe neno "zinafutwa" libadilishwe liwe "zinahamishiwa mwaka unaofuata". Ila kama mkataba wako tayari umeahidi malipo, hilo ni deni, lidai.

SWALI: Mimi ni ofisa utumishi. Bodi inataka tuwalipe wafanyakazi siku zote za ugonjwa zilizobaki kila Desemba. Tuandikeje kanuni?

JIBU: Malipo ya kila Desemba ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa fedha iko karibu mno na homa ya leo. Bodi ikishikilia, sogezeni malipo hadi mtu anapostaafu, na yawe sehemu tu. Tuseme amelimbikiza siku 180 nanyi mnalipa robo: siku 45.

Ugomvi huanzia kwenye kigawanyo. Mshahara wa mwezi mkiugawa kwa 30, siku 45 ni mshahara mmoja na nusu. Mkiugawa kwa 22, ni zaidi ya miwili. Andikeni namba yenyewe. Andikeni pia ni mshahara upi, wa msingi au pamoja na posho, wa mwaka siku zilipopatikana au wa mwisho. Mkinyamaza, kila mstaafu atadai wa mwisho, na siku zilizopatikana kwa mshahara mdogo zitalipwa kwa mkubwa. Mhasibu naye aingize deni hilo vitabuni kila mwaka. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 19 kinataka hivyo.

Ipo njia nyingine. Serikali kuu ya Marekani hailipi fedha kwa siku hizi. Tangu 2014, wafanyakazi walio kwenye mfumo wake wa pensheni wa FERS huhesabiwa saa zote zilizobaki kama muda wa utumishi wanapostaafu. Saa 2,087 ni mwaka mmoja.

SWALI: Niliugua katikati ya likizo ya mwaka. Siku zile zimepotea?

JIBU: Si lazima. Mkataba Na. 132 huohuo unasema siku za ugonjwa zisihesabiwe ndani ya kima cha chini cha likizo ya mwaka, kwa masharti ambayo kila nchi inajiwekea. Angalia sheria ya kwako. Kinachowaangusha wengi ni cheti: wanakwenda kwa daktari baada ya kupona. Nenda siku unayougua, mwarifu mwajiri kwa maandishi siku hiyohiyo, kisha ukirudi uombe siku hizo zihamishiwe kwenye likizo ya ugonjwa.